Tangi dogo la maji chumvi lenye matumbawe: samaki gani wanakaa pamoja, na nani atangulie kuingia

Mwamba Hai (mtoa mada)

Wakuu, habari za humu ndani.

Swali hili naulizwa sana inboksi: "Nina tangi la maji chumvi na matumbawe laini mawili matatu, niweke samaki gani?" Nimeona nifungue uzi ili jibu likae sehemu moja na wenye uzoefu waongezee. Nazungumzia tangi dogo, tuseme urefu sentimita 60, upana 40 na kimo 40. Kwa hesabu ya karatasi hizo ni lita 96. Ukishapanga mawe, ukamwaga mchanga na kuacha nafasi juu, maji yenyewe hayafiki sana 80.

Msimamo wangu ni huu: andika orodha nzima ya samaki kabla hujanunua hata mmoja, na kwenye orodha hiyo hiyo panga nani aingie kwanza na nani aingie mwisho. Wengi wetu tunachagua kwa rangi, tunanunua mmoja leo na mwingine mwezi ujao kila tukipita dukani, hatimaye tunakuwa na samaki ambao kila mmoja peke yake ni mzuri lakini wakiwa pamoja wanauana. Kwenye tangi la lita 400 anayeonewa hupata pa kukimbilia. Kwenye lita 80 hapati.

Tuanze na mdomo. Samaki akiitwa salama kwa matumbawe maana yake hali polipu (vile vinyama vidogo vinavyounda tumbawe), hang'oi nyama ya matumbawe, na hawindi kamba na konokono wako. Kitatange ana mdomo mwembamba uliochongoka, na wengi wa jamii ya Chaetodon wanautumia kuchomoa polipu moja moja. Anapendeza mno, watu wanamtamani, lakini mahali pake ni baharini. Kikande ana meno ya kuvunja maganda, basi konokono na kaa hawana muda mrefu. Bunju naye hivyo hivyo. Pono anakwangua mwamba wenyewe. Chewa hana habari na matumbawe, ila chochote kinachoenea mdomoni mwake ni chakula, wakiwemo wenzake.

Halafu kuna wale ambao mdomo wao hauna tatizo, tatizo ni mwili. Kangaja anakula mwani na kwa matumbawe ni rafiki. Lakini yule wa buluu mwenye mkia wa njano, Paracanthurus hepatus, anafikia sentimita 30, na dukani unauziwa akiwa na urefu wa kidole. Acanthurus leucosternon, kangaja wa buluu mpauko mwenye uso mweusi tunayemwona kwenye miamba yetu ya Afrika Mashariki, anapita sentimita 20 na anataka kuogelea mchana kutwa. Ukimfungia kwenye sentimita 60 anachakaa kwa msongo, na vidoa vyeupe, ugonjwa wa kimelea, vinamwandama. Kangaja yeyote, hata mdogo, asiingie kwenye tangi la ukubwa huu. Na ile hoja ya "nitamhamishia tangi kubwa baadaye" naomba tuiache. Nunua tangi kubwa kwanza, kisha ndiyo umnunue kangaja.

Kwa lita 80 mimi napendekeza hawa:

Fayafishi mmoja, Nemateleotris magnifica. Mweupe mbele, mwekundu nyuma, ana mwiba mrefu mgongoni anaoupandisha na kuushusha. Anaelea katikati ya maji akisubiri chakula kipite. Ni mpole kupindukia, na akishtuka anaruka. Tangi lisilo na wavu juu utamkuta sakafuni amekauka.

Gobi mmoja wa njano, Cryptocentrus cinctus, pamoja na kamba mlipuaji, Alpheus randalli. Hawa wawili ndio ningewaonyesha mtu asiyeamini kwamba tangi dogo linatosha. Kamba anachimba shimo kutwa nzima, anasukuma mchanga nje kwa magando, anarudi ndani, anatoka tena. Haoni vizuri, kwa hiyo kila akitoka anaweka kipapasio kimoja juu ya mwili wa gobi. Gobi amekaa mlangoni anatazama. Kikitokea cha kutisha anatikisa mkia haraka, kamba anauhisi kupitia kile kipapasio na kurudi shimoni papo hapo, na hatari ikizidi gobi naye anamfuata. Usiku unaweza kusikia mlio wa gando lake ukiwa chumba cha pili. Angalizo: mawe yako yakae juu ya kioo cha chini, siyo juu ya mchanga, maana akichimba chini yake yataporomoka.

Grama mmoja, Gramma loreto. Huyu asili yake ni Karibi, zambarau mbele na njano nyuma, hazidi sentimita 8. Anachagua tundu lake kwenye mwamba na kulilinda. Anafungua mdomo kutisha jirani, mara nyingi inaishia hapo.

Klauni wawili, Amphiprion ocellaris, waliozaliwa kwenye matangi. Kuhusu wawili hawa nina maelezo zaidi huko chini.

Jumla watano. Watano ndio mwisho, wanne ni salama zaidi. Ukiangalia utaona kila mmoja ana sehemu yake: gobi chini, fayafishi katikati, grama kwenye matundu, klauni kona ya juu. Hilo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ugomvi mwingi kwenye tangi ni wa makazi, na samaki wanaofanana umbo na wanaotaka tundu lile lile ndio wanaogombana zaidi.

Mpangilio wa kuingia: fayafishi kwanza, kisha gobi na kamba wake, kisha grama, klauni mwisho. Kati ya mmoja na mwingine acha wiki mbili tatu, ili bakteria wa kwenye mawe waongezeke kulingana na uchafu mpya. Mpole akitangulia anapata muda wa kujua kila pango na kuzoea kula mbele yako. Klauni ni mtu wa kujimilikisha. Akitangulia yeye, baada ya mwezi nusu ya tangi ni yake, na anayekuja baadaye anakula kwa wasiwasi.

Karibuni.

Kaskazi

Mkuu, uzi umeshiba. Mimi nimeshauriwa dukani nianze na damseli kwa sababu ni wagumu kufa na bei yao ni chee, niwatumie kuanzishia tangi halafu nitawatoa. Unasemaje?

Mwamba Hai

Usikubali, mkuu. Ushauri huo ni wa zamani na una madhara mawili. La kwanza, unamwacha kiumbe aogelee kwenye amonia, sumu inayotokana na uchafu wake, mpaka bakteria wa kuiondoa waote, wakati unaweza kuanzisha tangi bila samaki kabisa: weka mawe yenye bakteria au bakteria wa chupa, ongeza amonia kidogo au kipande cha kamba mbichi, pima mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita.

La pili, kumtoa damseli kwenye tangi lenye mawe ni kazi ya kubomoa kila kitu. Na wakati huo ameshakuwa mwenye tangi. Yule mweusi mwenye vidoa vitatu vyeupe, Dascyllus trimaculatus, ambaye huku kwetu yuko kila mahali, akiwa mtoto unamkuta anacheza kwenye anemoni (kiumbe laini chenye mikono inayochoma) pamoja na klauni. Ukubwani anapita sentimita 11 na anauma mpaka mkono wako ukiingia kusafisha kioo. Hali matumbawe, kweli, na ndiyo maana wauzaji wanamwita salama. Salama kwa matumbawe na salama kwa wenzake ni mambo mawili tofauti, na wengi wanaumia hapo.

Mwingine wa aina hiyo ni Pseudocheilinus hexataenia, yule mdogo wa mistari sita. Anakula minyoo na wadudu wadogo wa kwenye mawe, matumbawe hayagusi, mwili hauzidi sentimita 10. Kwenye karatasi anafaa kabisa. Kwenye tangi dogo atamfukuza fayafishi mpaka aache kula.

Bi Kome

Ahsante sana kaka. Mimi niko Tanga. Swali langu ni klauni. Nilisikia wanabadilika jinsia, sasa nitajuaje nimenunua jike na dume? Na je, lazima wawe na anemoni?

Mwamba Hai

Dada, huhitaji kujua jinsia, na hilo ndilo linalorahisisha. Klauni wote wanaanza bila kuwa majike. Kwenye kundi, mkubwa kuliko wote anakuwa jike, anayemfuata anakuwa dume, wengine wanabaki wadogo wakisubiri. Jike akifa dume anageuka jike na wa chini yake anapanda kuwa dume. Kurudi nyuma hakuna: aliyekwisha kuwa jike hawi dume tena.

Kwa hiyo nunua wawili wadogo waliokuzwa pamoja, au mmoja mkubwa kidogo na mwingine mdogo. Utaona mdogo anatetemeka mwili mzima ubavu kwa ubavu na mkubwa, hiyo ni ishara ya kukubali cheo. Usinunue wawili wakubwa wa matangi tofauti, kwa sababu yawezekana wote ni majike, na hapo mmoja atakufa. Wala usichanganye aina mbili za klauni kwenye tangi hili.

Anemoni si lazima. Baharini wanaihitaji kwa sababu ya maadui, kwenye tangi lako hakuna adui. Anemoni inataka mwanga mkali na tangi lililotulia muda mrefu, na ina tabia ya kutembea. Ikifyonzwa na pampu usiku inachafua maji yote kabla hujaamka. Klauni wako atajitafutia mahali: tumbawe laini, kona, hata pampu yenyewe.

Mtoto wa Likoni

Ndugu yangu, kwani klauni wa kwetu wana ubaya gani? Hapa pwani tunao, yule wa rangi ya chungwa mwenye mstari mweupe mgongoni, na yule mweusi-njano mwenye mikanda miwili. Kenya samaki wa mapambo wanauzwa nje miaka mingi. Kwa nini tununue wa Asia?

Mwamba Hai

Swali zuri ndugu. Hao ni Amphiprion akallopisos na Amphiprion allardi. Ni samaki wazuri na wanaishi vizuri kwenye tangi. Kinachonifanya nimpendekeze ocellaris ni kwamba anazalishwa kwa wingi kwenye matangi. Anakuja amezoea chakula cha kugandisha na cha punje, hana minyoo ya baharini, na hakuna anemoni iliyobaki tupu kwa sababu yako. Klauni anaishi kwa ngazi, jike mmoja na dume wake kwenye anemoni moja. Wakichukuliwa wakubwa wote wawili, hapo uzazi unasimama mpaka wadogo wakue. Allardi pia anakua mkubwa na mkali kuliko ocellaris, kwenye sentimita 60 angewabana wenzake.

Akipatikana allardi aliyezalishwa kwenye tangi, na ukawa na tangi kubwa zaidi, mimi ningekuwa wa kwanza kukuambia mchukue.

Muskati Bahari

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nafuatilia kutoka Muscat. Kuongezea tu, huku Oman tuna klauni wetu ambaye hapatikani kwingine, Amphiprion omanensis, anaishi upande wa Bahari ya Arabu. Nami nasema kama alivyosema mtoa mada, samaki mwenye eneo dogo kama huyo tumwache alipo. Hali ni hiyo hiyo kwa kadinali wa Banggai, Pterapogon kauderni: asili yake ni visiwa vya Banggai, Indonesia tu, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, walimtia kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 2007. Uzuri wake ni kwamba anazaa kwenye tangi bila taabu, dume anabeba mayai mdomoni mpaka watoto wawe na umbo kamili. Anafaa tangi dogo, ila uwe mmoja au jozi iliyokwisha kuungana, madume mawili hayapatani. Muulize muuzaji kama wamezalishwa. Akisita, usinunue.

Swali langu mimi ni joto. Sheikh, mnafanyaje?

Mwamba Hai

Wa alaykum salaam ndugu. Umenikumbusha jambo ambalo lingepaswa kuwa juu kabisa.

Lengo ni nyuzi 24 hadi 26. Dar, Tanga, Mombasa wakati wa kaskazi chumba chenyewe kiko 31 au 32, na taa pamoja na pampu zinaongeza. Maji yakiwa ya moto yanabeba oksijeni kidogo, samaki naye anahitaji zaidi, na matumbawe yanaanza kupauka kama yalivyopauka baharini kwetu mwaka 1998. Njia ya bei nafuu ni feni inayopuliza usawa wa maji. Inashusha nyuzi mbili tatu kwa kuyafanya maji yapae. Huko kwenu na hapa kwetu unyevu wa hewa ukiwa juu feni inapungua nguvu, hapo chila (mashine ya kupoza maji) haikwepeki au tangi likae kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Sasa hapa wengi wanateleza: maji yakipaa, chumvi haipai. Unajazia maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, siyo maji ya bahari. Ukijazia maji ya bahari kila siku, ndani ya wiki chumvi imepanda na fayafishi ndiye wa kwanza kuonyesha dhiki. Pima kwa refraktometa, kipimo cha chumvi, iwe 1.025 au 1.026.

Kwa kanda yetu, kama huna chila, punguza samaki wawe watatu: fayafishi, gobi, na klauni mmoja. Na nunua pampu ya hewa ya betri. Umeme ukikatika saa nne usiku wa joto, samaki watano kwenye lita 80 hawafiki asubuhi.

Bi Kome

Na maji ya kuanzia? Bahari iko dakika kumi kutoka kwangu.

Mwamba Hai

Unaweza kuyatumia dada. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto, bandari na mifereji ya mji. Wakati wa masika acha kabisa: mvua inashusha chumvi na kuleta kila uchafu wa nchi kavu. Yachuje, yaweke gizani kwenye ndoo safi yenye mfuniko siku kadhaa huku pampu ikiyazungusha, kisha pima chumvi na nitrati kabla ya kutumia.

Kaskazi

Mkuu, kuna vidimbwi vya miambani maji yakipwa, vimejaa vitoto vya samaki vya mistari. Hao je, kuna shida nikichukua wawili?

Mwamba Hai

Wale wa mistari mara nyingi ni Abudefduf, ndugu wa damseli. Dimbwini ana urefu wa kucha, akikua anakaribia sentimita 20 na ukali wa ukoo wao. Ukimtoa huko leo, baada ya miezi utakuwa unatafuta pa kumpeleka. Usimrudishe baharini akishakaa na samaki wa Karibi au wa Asia, kwa sababu atabeba magonjwa yao. Zaidi ya hapo kuna sheria: ndani ya hifadhi ya bahari kama Kisite huokoti kitu, na sehemu nyingine ukamataji wa samaki wa mapambo unataka kibali cha idara ya uvuvi. Matumbawe magumu yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuyavusha mpaka bila karatasi ni kesi.

Pweza Mtulivu

Wazee, mimi napingana kidogo. Niko Ujerumani, tangi langu lita 100, klauni waliingia kwanza na gobi akafuata, hakuna aliyekufa. Naona mpangilio unasisitizwa kupita kiasi.

Mwamba Hai

Inawezekana kabisa mkuu, hasa kwa gobi, kwa sababu yeye ana shimo lake na klauni hana shida na mchanga. Ocellaris wadogo waliozalishwa kwenye tangi pia ni wapole mwaka wa kwanza. Jike akikomaa na kuanza kutaga ndipo utaona mabadiliko. Nashikilia mpangilio kwa ajili ya fayafishi, ambaye akionewa hapigani. Anajificha tu, haji kula, na anaisha.

Kama klauni wameshatangulia na unataka kuongeza mpole, badilisha mpangilio wa mawe siku hiyo hiyo kabla ya kumwingiza, na umwingize taa zikiwa zimezimwa. Wote wanakuwa wageni. Ukiwa na kisanduku chenye matundu mweke humo siku mbili tatu, waonane bila kugusana.

Bi Kome

La mwisho kaka, naogopa vidoa vyeupe. Na mandarini je? Nimemwona, nimempenda sana.

Mwamba Hai

Mandarini mwache, dada. Synchiropus splendidus anakula kopepodi, vijidudu vidogo sana vya majini, anadonoa mawe mchana kutwa. Lita 80 haziwezi kumzalishia kwa kasi hiyo. Utamwona anazunguka, rangi zote zipo, lakini ukitazama kwa upande tumbo limeingia ndani na mgongo umechongoka. Wengi wao wanakufa kwa njaa mbele ya mwenyewe anayedhani mambo ni sawa.

Vidoa vyeupe ni Cryptocaryon irritans, kimelea. Dawa inayotumika sana ni shaba, na shaba inaua kamba, konokono na matumbawe, kwa hiyo haitiwi kwenye tangi kuu hata tone. Ndiyo maana kila samaki apite kwanza kwenye tangi la karantini: ndoo ya lita 40, filta ya sponji, kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia, basi. Mwezi mmoja wa kumtazama akila. Ugonjwa ukishaingia tangi kuu, samaki wote wanatoka kwenda kutibiwa na tangi linakaa bila samaki takriban wiki 11, ili kimelea kikose wa kumshika.

Dukani, kabla hujalipa, mwombe muuzaji awalishe mbele yako. Samaki asiyekula dukani usimchukue kwa huruma. Tazama pumzi zake, tazama tumbo, tazama kama anajikuna kwenye mawe.

Kwa hali ya Tanga bila chila, orodha yako iwe hivi: karantini kwanza, fayafishi mmoja, gobi na kamba wake, kisha klauni mmoja mdogo. Grama aje ukishapata chila. Wavu juu ya tangi uwe tayari kabla ya fayafishi, siyo baada. Ukipima amonia na nitriti zikasoma sifuri, weka picha ya mawe yako hapa tuone matundu yanatosha kabla hujaenda kununua.